Basi Aligongwa na Nani?

Chang'ombe, Dar es Salaam
20 Juni 1954

Kwa shangazi yangu Bi Nunu binti Salim,

Nakubusu mikono yote miwili, wa kulia mara mbili. Natumai mafua yaliyokushika wakati wa Mfungo yameshakuacha, na kwamba jirani yako Wahiba bado anakuletea maziwa asubuhi. Huku sote wazima. Duka linakwenda, si haba. Kaka Hamoud hajambo na anakusalimu. Usishangae kwamba hajaandika kwa mkono wake, unamjua mwanao na kalamu. Lori liko uani, lina taa moja iliyovunjika, tunamngoja fundi.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni darasa. Nilikwambia kuwa kupima sukari maisha yangu yote sitaki, nataka ukalimani wa mahakama. Basi nimepata mwalimu. Anaitwa Audax Kamugisha, mtu wa Bukoba, mrefu, havui koti hata jua liwake vipi. Anatufundisha Kiingereza sisi watu wa kazi kila Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri, katika banda la maseremala karibu na viwanda.

Sasa hivi tunageuza maswali, na watu wengi huanguka hapo kwenye mtihani. Kuna swali linaloanza na mtu: nani alivunja kikombe? Mwingereza husema, “Who broke the cup?” Ukiligeuza, kikombe kinakaa mbele na mtu anasukumwa mkiani: kikombe kilivunjwa na nani? “By whom was the cup broken?” Swali likianza na Did, wewe unaanza na Was. “Did you close the door?” inakuwa “Was the door closed by you?” Ulifunga mlango, mlango ulifungwa na wewe. Kwa Kiswahili hata mtoto anaweza. Kwa Kiingereza maneno yote yanahama nyumba, na mwenye kubeba mizigo ni wewe.

Mwalimu ana desturi yake. Hataki maswali ya kitabuni. Kila mmoja aje na swali kutoka kwake, swali la kweli ambalo mtu wa kweli ameliuliza. Linaandikwa ubaoni, kisha mmoja mmoja tunasimama na kuligeuza kwa sauti mpaka darasa liishe. Anasema ulimi haujifunzi kwa kumsikiliza jirani.

Habari nyingine si njema. Mwanzoni mwa mwezi alifariki seremala mmoja wa banda hilo, anaitwa Nikodemu. Aligongwa na gari alfajiri kwenye Barabara ya Pugu, na gari halikusimama. Ndugu yake Wilbert nasoma naye. Sikupenda kukuandikia hayo, lakini hapa watu hawazungumzi jingine.

Niombee dua, shangazi. Siku hizi usingizi hauji vizuri. Nadhani ni huo mtihani.

Mwanao, Muhsin

*

Lindi, 4 Julai 1954

Mwanangu Muhsin,

Waalaykum salaam na mikono yangu imebusika. Mafua yamekwenda zao, kikohozi kimebaki kulinda nyumba. Wahiba analeta maziwa, na akileta maziwa analeta na maneno, kwa hiyo nashiba mara mbili.

Nimecheka na hicho kikombe chako. Huyo mwalimu wa Bukoba angewalea wewe na Hamoud angejua maswali ni nini. Nyie wawili hamkupata kuvunja kikombe nyumbani kwangu hata siku moja. Vikombe vyote vilikuwa “vimevunjika.” Naingia jikoni nakuta vipande, nyie mmesimama wima mnatazama dari, nikiuliza ni nani kila mtu bubu. Ilinibidi niwachape wote kwa kuwa sikujua wa kuanza naye. Lakini soma, mwanangu. Baba yako angelifurahi kukuona umekaa karibu na hakimu, tena kwa heri.

Nimesikitika kwa huyo seremala. Mungu amrehemu kwa dini yake. Na huyo dereva ambaye hakusimama, laana ya mama wa yule marehemu imfuate mpaka kaburini. Mtu akigonga hata kuku husimama. Mama yake yu hai? Mwambie huyo Wilbert nampa pole, ingawa hanijui.

Jingine. Umenieleza mlango na kikombe mpaka nimechoka, lakini hilo lori limevunjia wapi taa hukunieleza. Umelipita upesi kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Hamoud aniandikie mwenyewe, asinitumie salamu za mdomo.

Ule vizuri, na usome mchana, usiharibu macho.

Shangazi yako, Nunu

*

Chang'ombe, 18 Julai 1954

Shangazi mpenzi,

Salamu zangu zikukute umekaa kitako na kikohozi kimeondoka. Nakuletea kanga kwa mkono wa Kaka Hamoud. Naam, anakuja huko. Ameondoka juzi kwa basi. Amesema amekukumbuka na atakaa kidogo, nami ameniachia duka. Lori hakuja nalo. Amelifunika turubai huko uani, akapanga magunia matupu mbele yake. Umeuliza habari ya taa. Aliniambia aligonga mbuzi.

Nikueleze ya darasani, maana nisipomweleza mtu nitapasuka. Alhamisi moja zamu ya kuleta swali ilikuwa ya Wilbert. Alikwenda ubaoni akaandika mwenyewe, kwa herufi nzuri kabisa: “Who killed my brother?” Nani alimuua ndugu yangu. Mwalimu alisimama na chaki mkononi, nikadhani atalifuta. Akamwuliza kwa Kiswahili, kwa upole, kama ana hakika ndilo analolitaka. Wilbert akajibu kwamba mwalimu alitaka swali la kweli na yeye hana jingine.

Basi tukaanza na mstari wa mbele. Mtu anasimama, “By whom was my brother killed?” anakaa. Anasimama mwingine, anasema hayo hayo, anakaa. Nilikuwa mstari wa nyuma. Kadiri zamu yangu ilivyokaribia, kichwani nikawa sioni neno. Mie ambaye mwalimu huniita nisahihishe wenzangu, nilisimama nikakosea. Mwalimu akanirudisha mwanzo. Nikarudia mbele ya watu wote, na Wilbert aligeuka kwenye benchi akanitazama mpaka nilipomaliza.

Jumanne yake alikuja na jingine, maana alama za magurudumu zilionyesha ni lori: “Did nobody see the lorry?” Hakuna aliyeliona lori? Likageuzwa: “Was the lorry seen by nobody?” Mwalimu akasema tuwape na wengine zamu. Wengine wakasimama mmoja baada ya mmoja wakampa Wilbert zamu zao. Kwa hiyo kila siku ya darasa swali ni lile lile, limevaa nguo nyingine tu. Alhamisi iliyopita lilikuwa, wamempata? “Have they found him?” Hilo mwalimu alisema mtendaji anaachwa kabisa, kwa kuwa hatuna haja ya kumtaja. “Has he been found?” Tulilisema wote.

Naogopa, shangazi. Ninaogopa nikiwa nimekaa, ninaogopa nikiwa napima mchele. Usiniulize naogopa nini.

Mwanao, Muhsin

*

Lindi, 13 Agosti 1954

Mwanangu Muhsin,

Idd imepita, alhamdulillahi, na ninyi muwe mmeipata kwa salama. Kanga nimeipokea. Jina lake sikulipenda lakini rangi yake nzuri, nimeshaivaa. Barua yako ilikaa posta kwa sababu yule karani wetu ameoa, na tangu aoe kazi haifanyiki.

Hamoud yuko hapa. Nimempokea mtu mzima nusu. Kola inamzunguka shingoni kama ya kuazima. Nampikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, anakula matonge mawili anashukuru kama mgeni. Msikitini huenda kwa njia ya nyuma, ile ya kwenye mikorosho. Gari likipita barabarani huinuka akaingia ndani, kisha hutoka akajifanya alikwenda kunywa maji. Mchana kweupe ananiambia nitie komeo la mlango. Nimekaa nyumba hii tangu nilipoolewa sijapata kutia komeo mchana.

Siku ya kuchinja walimwita ashike kisu, maana ndiye mwanamume wa nyumba. Mbuzi kalazwa, kaelekezwa kibla, kila mtu anangoja. Hamoud aliweka kisu chini akaenda nyuma ya nyumba kutapika. Alichinja mume wa Wahiba. Watu nimewaambia ana homa.

Na mimi ameniambia aligonga mbuzi. Muhsin, nimefuga mbuzi tangu sijabalehe. Nimezika mbuzi, nimeibiwa mbuzi, nimelia kwa ajili ya mbuzi. Mtu mzima hakondi hivi kwa mbuzi. Lakini sikumwuliza zaidi. Nilimwongeza mchuzi.

Nakuuliza wewe, kuna nini huko? La, usinijibu. Niandikie habari za mtihani.

Shangazi yako, Nunu

*

Chang'ombe, 30 Agosti 1954

Shangazi yangu mpenzi,

Nakubusu mikono. Mtihani nimefaulu. Keshokutwa naanza mahakamani, mkalimani wa kujifunza, chini ya mzee Gaspar aliyefanya kazi hiyo tangu sijazaliwa. Mwalimu Audax alinishika mkono darasani wakanipigia makofi. Wilbert naye alipiga. Ningekuwa mtu mwingine ningekuandikia kurasa tatu za furaha.

Polisi wamemkamata mtu. Anaitwa Ansbert, dereva wa kinu cha unga, mtu wa bara, mpole, huwa anakuja dukani na watoto wake. Lori lake limebonyea mbele na yeye huipita barabara ile kila alfajiri, basi wakasema ndiye. Yuko mahabusu. Watu wa mtaani wengine wanasema wakimtia hatiani atafungwa miaka, wengine wanasema atanyongwa. Mie sijui, na kutokujua ndiko kunakoniua.

Jana mkewe Sesilia alikuja kununua mafuta ya taa. Hakulia. Aliniambia hivi: “Muhsin, wewe sasa utakuwa unakaa na hakimu. Mwambie siku ile mume wangu hakwenda kazini. Alikuwa na homa, mimi ndiye niliyemfunika blanketi.” Nikamwaga mafuta nusu chini. Akainama kunisaidia kupangusa.

Ulisema nisikujibu, shangazi, nami sitakujibu. Nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu, jina silitaji. Alfajiri ile nilikuwa nafungua duka. Lori likaingia uani bila taa ya kushoto. Aliyeshuka aliniomba ndoo ya maji. Aliosha mwenyewe, akanikataza nisisogee. Alipoingia ndani nilisogea. Kwenye kioo cha taa kilichobaki palikuwa na kipande cha kitambaa cha bluu, kama ovaroli za maseremala wa lile banda. Mbuzi havai nguo.

Sasa nawe unajua ninalala na nini.

Mwanao, Muhsin

*

Lindi, 15 Septemba 1954

Muhsin,

Hongera ya kazi. Nimetoa sadaka ya mkate wa sinia kwa watoto wa chuo cha Kurani.

Barua yako nimeisoma mara moja nikaitia jikoni, imewaka vizuri. Sikusoma kitu. Naona huko Dar es Salaam kumekutia maneno mengi kinywani. Nikukumbushe unalolijua: mama yako alipofariki kwa kukuzaa wewe, nilikupa ziwa hili hili alilokuwa akilinyonya Hamoud, na Hamoud alisogezwa pembeni ili wewe upate. Hakulia. Alikupisha. Nyie ni ndugu wa ziwa moja, na huna mwingine duniani.

Huyo Ansbert kama hakutenda Mungu atamtoa. Mzungu hutaka ushahidi, akikosa ushahidi humwachia mtu. Wewe kazi yako ni kufasiri maneno ya watu. Yako yaweke mfukoni.

Usiniandikie hayo tena. Sitaki.

Wahiba ana mjukuu. Mvua bado.

Nunu

*

Chang'ombe, 1 Oktoba 1954

Shangazi mpenzi,

Nakubusu mikono hata kama umeikunja. Mpe Wahiba hongera. Najua umenikataza, lakini nisikilize mara hii, kisha ukitaka nichome na mimi pamoja na karatasi.

Kazi yenyewe ina sharti moja ambalo mzee Gaspar alinifundisha siku ya kwanza. Mkalimani hasemi “anasema amefanya hivi.” Shahidi akisema “mimi niliiba,” mkalimani naye anamgeukia hakimu na kusema kwa Kiingereza “mimi niliiba.” Unakuwa mdomo wa yule mtu, wewe mwenyewe haumo. Wiki hizi nimeshakuwa mwizi wa baiskeli, nimeshakuwa mke aliyepigwa. Unazoea.

Kesi ya Ansbert imepangwa tarehe ishirini na moja ya mwezi huu. Mzee Gaspar anaugua macho. Wamenipa mimi.

Sikuweza kukataa bila kueleza sababu. Nilijaribu kusema naumwa, karani mkuu akacheka akasema kila mgeni huumwa kabla ya kesi ya kwanza kubwa. Shangazi, nitasimama hatua chache kutoka kwa Ansbert, na yeye atasema kwamba hakufanya, na mie nitalazimika kusema kwa mdomo wangu kwamba sikufanya, na kila mtu ataniangalia.

Wilbert amehama kutoka darasani kuja dukani. Hanunui kitu, anakaa barazani. Juzi aliniuliza lori la Hamoud siku hizi liko wapi. Nikamjibu limepelekwa kwa fundi. Hakuuliza limepelekwa na nani. Akaomba maji, akanywa, akakaa.

Ninakuomba jambo moja. Mwulize Hamoud. Mie ni mdogo wake, siwezi. Wewe ndiye mama, na hujapata kumwuliza hata mara moja. Umemwongeza mchuzi tu. Nimeulizauliza mahakamani kwa njia ya mbali, kama mtu anayetaka kujifunza. Mzee Gaspar anasema mtu anayejileta mwenyewe hakimu humtazama kwa jicho jingine, hasa kama ni ajali. Anayefuatwa na polisi huitwa mtoro, na mtoro haaminiwi hata akisema jina lake. Akija kabla ya tarehe ishirini na moja, Ansbert atarudi kwa watoto wake na Hamoud huenda akafungwa kidogo, si maisha. Akija mwenyewe. Mie sitasema kitu mpaka siku hiyo, nakuapia. Nitangoja.

Mwanao, Muhsin

*

Chang'ombe, 14 Oktoba 1954, jioni

Shangazi yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Uwe mzima. Uwe umeketi.

Kesi imesikilizwa leo. Hakimu anarudi kwao likizo, meli yake imetangulizwa, basi na kesi zake zote zikatangulizwa. Niliambiwa asubuhi nikiwa nimeshaingia kazini. Nilikimbia posta kukupelekea simu ya maandishi, palikuwa na foleni, na karani akaja kuniita kwa kuwa hakimu ameshaketi. Nakuapia kwa kaburi la mama nilitaka kungoja.

Chumba kilijaa. Sesilia alikaa mbele na watoto. Wilbert alisimama ukutani. Mwalimu Audax alikuja na koti lake, alitaka kumwona mwanafunzi wake kazini. Niliapishwa kwamba nitafasiri kwa uaminifu bila kupunguza wala kuongeza.

Ansbert alikuwa amekonda kama Hamoud unavyomweleza. Mwendesha mashtaka alimwuliza kwa Kiingereza: “Was the deceased struck by your lorry?” Maswali yao yote ni ya namna ile ile tuliyojifunza bandani, yamegeuzwa tayari. Nikafasiri: marehemu aligongwa na lori lako? Ansbert akajibu, hapana bwana, mimi sikumgonga, nilikuwa kitandani. Nikamgeukia hakimu nikasema kwa Kiingereza, hapana bwana, mimi sikumgonga, nilikuwa kitandani. Hilo lilipita. Lilikuwa kweli kwake na kweli kwangu.

Kisha akauliza: “Then by whom was he struck?” Nikafasiri: basi aligongwa na nani?

Ansbert akanitazama mimi, siyo yule bwana. Akasema, “Sijui.”

Neno moja tu, shangazi. Hata mtu aliyekuja mjini jana angeweza kulifasiri. Nilipaswa kumgeukia hakimu na kusema, mimi sijui. Nilifungua mdomo. Nikaanza kuogopa kuliko siku zote nilizokueleza. Nilikuogopa wewe. Nilimwogopa Hamoud, si kwamba angenidhuru, niliogopa atakavyonitazama. Hakimu akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Akasema basi jibu lake ni lipi.

Nikasema: “Yeye anasema hajui. Mimi ninajua.”

Mwanzo hawakuelewa. Karani mkuu alinikemea, akidhani nimesahau sharti la kazi. Hakimu akamnyamazisha, akaweka kalamu chini, akaniuliza nini ninachokijua na ninakijua kwa nani. Nikaeleza lori, taa, ndoo ya maji, kitambaa. Akaniuliza lori ni la nani. Nikamsikia mtoto wa Sesilia akikohoa. Nikalitaja jina.

Ukisikia watu huko wanasema jina la Hamoud limetajwa mahakamani, usiwaulize na nani. Nimelitaja mimi, Muhsin, kwa mdomo wangu.

Alasiri wakaja kulifunua lori. Ansbert bado yuko mahabusu, lakini wanasema siku mbili hizi ataachiwa. Sesilia alinishika miguu pale nje, nikamwinua, sikuweza kumtazama. Wilbert alisimama barabarani mpaka turubai lilipovuliwa, kisha akaondoka. Mwalimu Audax ndiye aliyenileta nyumbani.

Nilikuwepo Inspekta wa polisi alipopiga simu Lindi, akaambiwa laini imekatika mpaka kesho. Akapiga Kilwa, na kwenye kivuko cha Rufiji, akawaambia wasimamishe mabasi wamtafute. Nilimwambia kwamba Hamoud si mtoro, yuko kwa mama yake. Akanijibu kwamba mtu aliyegonga akaondoka, akaficha gari akaondoka tena, yeye hana jina jingine la kumwita.

Siombi unisamehe. Naomba uniandikie, hata kama ni neno moja la kunilaani. Usininyamazie.

Muhsin

*

Lindi, Ijumaa 15 Oktoba 1954

Mwanangu Muhsin,

Salaam nyingi. Mie mzima, kikohozi kimenihurumia. Barua yako ya tarehe mosi imenifikia juzi tu. Huyo karani wa posta sasa mkewe ana mimba, nadhani tutakuwa tunaletewa barua na mtoto wao.

Nilikuwa nimekukasirikia, nisikufiche. Niliisoma barua ile nikasema mtoto huyu nimemlea ananifundisha kazi ya umama. Nikaiweka chini ya mto. Usiku ule na mchana wake sikusema na Hamoud. Jana, baada ya kula, alikuwa anakarabati kiti changu kile cha mguu mmoja mfupi. Nikakaa chini mkekani mbele yake, nikamwuliza, “Hamoud, nani alimgonga yule mtu?”

Akasema mbuzi. Nikamwuliza tena, vile vile, sikupandisha sauti. Akaendelea kugonga msumari. Nikamwuliza mara ya tatu, akaweka nyundo. Akasema, “Mimi, mama.”

Kisha yakatoka yote, nami sikumkatiza. Alisinzia usukani. Alishuka. Yule mtu alikuwa amekufa, macho wazi, na kofia yake imekaa kichwani vile vile. Hamoud akaogopa, akapanda gari. Anasema tangu siku ile hajapata kufumba macho bila kuiona hiyo kofia. Nililia, Muhsin. Niliikumbuka laana niliyoitoa kwa mkono wangu kwenye karatasi nikakutumia, nikaomba toba mpaka alfajiri.

Kisha nikamwambia aoge. Nikampa kanzu ya baba yake. Sikumsukuma, nilimsomea barua yako pale uliposema juu ya mtu anayejileta mwenyewe, akaitaka aisome kwa macho yake. Akasema atakwenda. Alipanda basi la leo asubuhi, kwa miguu yake mwenyewe, mie nikimtazama. Nimemfungia mkate wa kumimina na samaki. Atakwenda moja kwa moja kwa polisi na kusema yeye ndiye, na huyo Ansbert atoke. Kesi ni tarehe ishirini na moja, muda upo wa kutosha.

Nakuomba na wewe jambo moja, na hili usinikatalie. Umesema utangoja, basi ngoja. Jina lake usilitaje wewe. Mwache alitaje mwenyewe, hana kingine kilichobaki cha kwake.

Anaogopa sana. Pale kwenye basi aliniuliza kama watamfunga pingu njiani mbele za watu. Nikamwambia mtu anayekwenda mwenyewe hafungwi pingu.

Kampokee kituoni. Usimwache ashuke akakutana na watu asiowajua. Akuone wewe kwanza.

Shangazi yako na mama yenu,
Nunu